Nyota tano za mtandaoni hazitoshi kutuma akonti ya vakanse

Mwezi wa saba shule zikifunga, katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Bukavu na Bunia mazungumzo ya jioni yanageuka. Baba amepata konje, mama amepokea zamu yake ya likelemba, na kwa mara ya kwanza feza zinatosha kwenda mbali kuliko kijijini kwa babu. Mtoto mkubwa anachukua simu, anaandika jina la mji, na hoteli zinatokea moja baada ya nyingine, kila moja na nyota zake. 4,6. Kisha 4,2. Kisha 3,9. Ndani ya dakika kumi jamaa imekwisha kuchagua, na kesho yake asubuhi akonti inatumwa kwa simu.

Shida iko ndani ya dakika hizo kumi. Hakuna mtu katika jamaa hiyo ambaye angenunua kiwanja, wala hata mbuzi, kwa kuambiwa tu na watu asiowajua kwamba ni mzuri. Angeenda kutazama, angeuliza majirani, angemleta mjomba anayejua mbuzi. Lakini kitanda kilicho mbali zaidi ya kilomita elfu moja kinalipiwa kwa namba moja yenye koma katikati.

Hii haina maana kwamba maoni ya wageni mtandaoni ni uongo mtupu. Mengi yameandikwa na watu waliolala pale kweli, na bila maoni hayo msafiri angebaki na picha za mwenye hoteli peke yake, ambazo siku zote zinapigwa jua likiwa zuri na choo kikiwa kimefungwa. Kosa ni kuyapokea kama hukumu ya tribinali, wakati ni maneno ya mashahidi. Na shahidi anaulizwa: ulikuwa pale lini, uliona nini kwa macho yako, na unafaidika nini na maneno yako?

Kuhusu uongo, mfano unaojulikana zaidi ulitoka London. Mwaka 2017, kijana mmoja wa Uingereza, Oobah Butler, ambaye mbele ya hapo alikuwa amelipwa pauni 10 kwa kila maoni ya uongo aliyoandikia restora, aliandikisha kwenye TripAdvisor restora isiyokuwako. Anwani ilikuwa kibanda cha bustani alimokuwa akiishi, mtaani Dulwich. Picha za vyakula alizitengeneza kwa vitu kama povu ya kunyolea ndevu. Kila aliyepiga simu aliambiwa kwamba meza zote zimejaa. Marafiki zake waliandika maoni matamu, na mwezi wa kumi na moja mwaka huo kibanda hicho kikawa namba moja kati ya restora zaidi ya elfu 18 za London. Kilikuwa hakijampikia mteja hata sahani moja. Kisha alifungua kwa usiku mmoja, akawapa wageni vyakula vilivyonunuliwa tayari dukani, na kuna waliouliza kama wanaweza kurudi.

Hapo msomaji anaweza kucheka, lakini kicheko hicho kina feza nyuma yake. Mwaka 2011, Profesa Michael Luca wa Harvard alilinganisha nyota za mtandao wa Yelp na mapato ya restora za mji wa Seattle, Marekani. Nyota moja zaidi ilipandisha mapato kwa asilimia 5 mpaka 9, na waliofaidika ni restora ndogo zisizokuwa na jina kubwa. Mtu anayeweza kuongeza mapato yake kiasi hicho kwa kumuomba shemeji yake aandike mistari mitatu, atashawishika. Wapo wanaoshawishika.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2014, ulifika mbali zaidi. Dina Mayzlin, Yaniv Dover na Judith Chevalier walichukua hoteli zilezile na kuzisoma pahali pawili: kwenye Expedia, ambako aliyeweza kuandika ni yule tu aliyelipa chumba kupitia mtandao huo, na kwenye TripAdvisor, ambako mtu yeyote aliweza kuandika. Waliona kwamba hoteli iliyo na mshindani karibu yake ilikuwa na maoni mabaya mengi zaidi pale ambapo yeyote anaandika, zaidi sana kama mshindani huyo ni hoteli ndogo ya mwenyewe. Kwa maneno mengine, nyota moja inayoonekana kuwa kilio cha mteja inaweza kuwa imetoka kwa jirani wa ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama, hata mbele ya nyota, ni mlango ambamo maoni yamepitia. Kwenye Booking.com anayeandika ni mtu aliyechukua chumba kupitia kwao. Kwenye Google, Facebook na TripAdvisor inatosha kuwa na akaunti. Mitandao hiyo inafanya kazi ya kuchuja, hilo ni kweli. TripAdvisor yenyewe ilitangaza kwamba kati ya maoni milioni 30,2 yaliyotumwa mwaka 2022, milioni 1,3 yalikuwa ya uongo. Lakini hesabu hiyo ni ya wezi waliokamatwa, si ya wezi wote.

Sheria nazo zimeanza kuamka, ila mbali. Marekani imekataza kuuza na kununua maoni ya uongo kwa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 21 mwezi wa kumi 2024. Uingereza ilifuata tarehe 6 mwezi wa ine 2025. Ni hatua nzuri. Lakini mtu aliyetuma akonti kutoka Kalemie kwa hoteli iliyo inchi nyingine hatamkuta jaji wa Washington akimngojea mlangoni. Ulinzi wake ni macho yake.

Na macho hayo, kusema kweli, ni dhaifu kuliko mtu anavyofikiri. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha Cornell walikusanya maoni 400 ya kweli na 400 ya uongo juu ya hoteli 20 za mji wa Chicago, kisha wakawapa watu baadhi yake wachague. Watu hao hawakufanya vizuri zaidi sana ya kurusha shilingi juu na kukisia. Programu ya kompyuta ilipata karibu asilimia 90. Ilitazama nini? Mwandishi wa uongo anaongea sana juu yake mwenyewe na sababu ya safari: alikuja na bwana yake, ilikuwa vakanse, ilikuwa kazi, alifurahi ajabu. Aliyelala pale kweli anaongea juu ya pahali: bafu, ukubwa wa chumba, ghorofa, bei, umbali wa kutembea mpaka barabarani. Hilo msomaji anaweza kulitumia leo bila kompyuta. Maoni yasiyotaja mlango, bomba, ngazi wala kelele, yamejaa furaha tupu, yasipewe uzito.

Kuna aina nyingine inayopaswa kusomwa kwa jicho moja: maoni yanayotaja jina la mhudumu na kumshukuru, matano kwa mfululizo, yote ndani ya juma moja. Mara nyingi si uongo. Ni mhudumu aliyesimama karibu na mgeni wakati wa kulipa na kumuomba aandike, sababu mkubwa wake anahesabu. Maoni yaliyoandikwa mbele ya anayesifiwa yanafanana na shukrani za kwenye sherehe ya ndoa. Hakuna anayesema pale kwamba wali ulikuwa mbichi.

Lakini uongo si ndio unaowapotezea feza watu wengi zaidi. Wengi wanapotezwa na maoni ya kweli kabisa: ya kweli kwa mtu mwingine, kwa mwezi mwingine, kwa mwaka mwingine.

Mfano uko hapa Kivu, hakuna haja ya kuutafuta mbali. Kwa miaka, watalii walipanda Nyiragongo, wakalala juu ukingoni na kutazama ziwa la moto usiku kucha. Waliporudi kwao waliandika nyota tano, na walisema kweli. Mwezi wa tatu 2020, wakati wa Covid-19, Hifadhi ya Virunga ilifungwa kwa wageni. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 mlima ulilipuka na moto ukashuka mpaka kwenye mitaa ya pembeni ya Goma. Mwezi wa kwanza 2025 M23 ikakamata mji na uwanja wa ndege ukafungwa. Kila mkaaji wa Goma anayajua hayo kuliko mtandao wowote. Lakini mtu aliye Brussels ao Nairobi anayefungua simu yake anakuta zile nyota tano, na hakuna hata moja iliyoshuka sababu ya moto ao sababu ya vita. Wastani hausahau, na hausahihishi. Sasa mkaaji huyohuyo wa Goma, anapotazama hoteli ya inchi nyingine, yeye ndiye anakuwa mtu wa Brussels: anasoma sifa za 2018 za pahali ambapo mwenyewe amekwisha kubadilika, bomba zimezeeka na jirani amejenga baa.

Mitandao mingi inaruhusu kupanga maoni kuanzia yale mapya. Inachukua sekunde mbili. Yaliyopita miaka miwili yasomwe kama historia.

Na mwezi una uzito kama mwaka. Chukua Zanzibar, ambayo imekuwa ndoto ya jamaa nyingi za huku, zaidi sana zile zenye mtu anayefanya biashara ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, maana kutoka pale boti ya haraka inafika kisiwani kwa saa mbili hivi. Fungua maoni ya hoteli za Paje ao Jambiani, upande wa mashariki wa kisiwa. Mgeni mmoja ameandika nyota tano: bahari rangi ya samawi mpaka mlangoni. Mwingine, hoteli ileile, ametoa nyota moja: tulilipa bahari na hatukuiona, kulikuwa mchanga na matope tu. Nani anadanganya? Hakuna.

Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Kivu ao Tanganyika hana sababu ya kulijua jambo hili, maana maji ya ziwa yanakaa pahali pake. Maji ya bahari yanakupwa na kujaa mara mbili kila siku, na saa zake zinasogea kila siku. Upande ule wa mashariki ufuo ni mpana na hauna kina, kwa hiyo maji yakikupwa yanaenda mbali mamia ya metre, siku nyingine zaidi ya kilomita, na wamama wanatembea pale kulima mwani. Wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo yanakwenda mbali zaidi. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali vile, mtu anaweza kuogelea karibu saa zote. Jamaa inayopeleka watoto ili waogelee inahitaji kujua hilo kuliko kujua kama maji ya matunda ya asubuhi yalikuwa baridi. Na halipo ndani ya ile 4,6.

Tena, aliyeandika mwezi wa pili alikuta upepo wa kaskazi. Jamaa ya Lubumbashi itafika mwezi wa saba ao wa nane, wakati wa kusi, upande wa mashariki upepo ukivuma kwa nguvu na wapenda michezo ya tiara wakifurahi. Mwezi huo pia ndio wa wageni wengi kutoka Ulaya, na bei haifanani na ile inayotajwa na aliyekuja mwezi wa ine ndani ya mvua. Hata masharti yanabadilika: tangu tarehe 1 mwezi wa kumi 2024 Zanzibar inawaomba wageni wa nje bima ya safari ya kwao. Maoni ya mbele ya tarehe hiyo hayawezi kuitaja.

Inabaki swali la nani anaandika. Wengi wanaojaza maoni ya hoteli za pwani ni watu wawili kutoka Ulaya, bwana na bibi, ao kijana mwenye mfuko wa mgongoni. Wanapima vitu vyao: ukimya, kahawa, nguvu ya intaneti, wali wenye nazi kwa mtu aliyeuchoka mkate. Jamaa ya Bukavu yenye watoto watano na bibi mzee inapima vingine. Chumba kinapokea watu wangapi mbele ya kulazimishwa kulipa cha pili? Mtoto wa miaka kumi analipa nusu ao bei yote? Kuna pahali pa kupika ao lazima kula restora mara tatu kwa siku, watu wanane? Jioni, kutoka hotelini mpaka barabarani, mtu anaweza kutembea na watoto? Maoni 600 yanaweza kupita bila kugusa hata moja ya maswali hayo. Na maoni yanayosema "bei ya chini sana" yameandikwa na mtu aliyelinganisha na Paris.

Hoteli za miji ya huku zina ugonjwa uleule kwa namna nyingine. Maoni ni machache, na mara nyingi yameandikwa na wageni wa mashirika ambao chumba chao kililipwa na ofisi. Wanasifu jenereta na walinzi. Hawajui bei ya sahani ya sambaza nje ya ukuta. Na pale ambapo hoteli ina maoni manne tu, nyota 5,0 haina maana kubwa: ni mwenye hoteli, mdogo wake, na wageni wawili waliofurahi. Afadhali 4,1 ya watu 300.

Katika hizo 300, ya kusoma ni ya katikati. Nyota tano zinaandikwa na aliyependa, nyota moja na aliyekasirika, na wengi walioona pahali ni sawasawa tu hawaandiki kitu. Aliyetoa tatu amejisumbua kupima: kitanda kizuri, maji ya moto hakuna asubuhi, wahudumu wazuri, msikiti ao baa karibu sana. Tena lawama moja ikirudi kwa watu tofauti, miezi tofauti, hiyo ni kweli. Mmoja akisema kuna mende, inaweza kuwa bahati yake mbaya. Sita wakisema, mende wanaishi pale kuliko wageni.

Kuna watakaosema: kwa nini kujisumbua, si kuuliza tu ndugu aliyekwisha kwenda? Ndugu ni shahidi mzuri, anajulikana. Lakini naye anaulizwa. Aliyetumia feza nyingi hapendi kusema mbele ya jamaa yote kwamba alidanganywa, na picha alizotuma kwenye kikundi cha WhatsApp zilichaguliwa kati ya mia.

Msafiri wa mashariki mwa Congo ana kitu ambacho Mjerumani anayeandika maoni hana: anaweza kupiga simu na kuongea lugha ya watu wa pale. Kiswahili cha Bukavu kitamchekesha kidogo mpokeaji wa Paje, "konje" na "akonti" hatavielewa, lakini mengine yote yatapita. Hapo ndipo maoni yanapofanya kazi yake ya kweli, maana yamempa maswali. Tarehe 3 mpaka 8 mwezi wa nane maji yanajaa saa ngapi? Zile bomba zilizolalamikiwa mwaka uliopita zimetengenezwa? Watoto watano wanalala wapi? Congo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Je, kuna bei ya wana Afrika Mashariki, ao ni ileile ya Wazungu? Hoteli inayojua kazi yake itajibu, na itakubali kutuma video fupi ya chumba chenyewe, si cha matangazo. Namba ya simu itafutwe pahali pawili tofauti, isichukuliwe tu kwenye ukurasa wa Facebook uliofunguliwa miezi mitatu iliyopita wenye sifa 40 za siku moja. Na yule anayejibu haraka juu ya akonti tu, ila juu ya maji na vitanda anasema "hakuna shida, hakuna shida", asitumiwe hata franka moja mbele ya kumtafuta mwingine.

Jamaa ikirudi mwezi wa nane, nayo ina dakika tano za kuandika. Ilikwenda mwezi gani, watu wangapi, ililipa dola ngapi kwa vyumba vingapi, maji yalikuwa wapi saa sita ya mchana, watoto walikula nini na kwa bei gani. Kwa Kiswahili, ili jamaa nyingine ya huku isome.